Masinia kwenye Magurudumu

Nililisikia sinia kabla sijaona kitu. Nilikuwa nakata kona ya Kasingirima, migebuka miwili ikining'inia mkononi, jua la alasiri likinipiga usoni hata njia ikawa weupe mtupu, na ndani ya weupe ule ikaja sauti: ko, ko, ko, kimya kidogo, kisha ko tena. Ujiji sinia likipigwa nje ya nyumba na hakuna harusi, maana yake ni moja. Kuna mtoto kapotea. Mtu huchukua sinia au debe, akapita mtaani akilipiga na kutaja nguo alizovaa mtoto, na wanawake huacha vyungu motoni wakatoka. Nilisimama, nikaifuata sauti kwa masikio, nyumba baada ya nyumba. Ilikuwa inatoka kwetu.

Kwetu kulikuwa na mtoto mmoja tu.

Nilikimbia. Samaki mmoja alichomoka akabaki mchangani na sikurudi kumwokota. Nilipoingia uani nikamkuta mume wa shangazi, niliyemwita Anko, amechuchumaa kando ya gari lake dogo la zamani, tairi bovu limelala mbele yake kama fuawe, na juu ya tairi sinia la pilau analolipiga ukingo kwa kipande cha mbao. Mtoto mwenyewe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, anaguguna hindi la kuchemsha, anamtazama. Hakuwa amepotea. Nilitaka kumshukuru Mungu lakini pumzi haikutosha.

Nyuma yangu walikuwa wameshaanza kuingia wanawake. Wengine kanga zimefungwa nusu, mmoja na mwiko wenye unga. Jirani yetu muuza vitumbua ndiye aliyeuliza kwa niaba ya wote, nani kapotea, na Anko akainua kichwa kama mtu aliyeamshwa.

"Hajapotea mtu."

"Sasa sinia la nini?"

"La gari."

Walitazamana. Anko hakuwa mwenyeji. Reli ndiyo iliyomleta Kigoma kutoka mikoa ya kati, karani wa mizigo, na kwa sababu alikuwa amemwoa binti wa Ujiji, mtaa mzima ulimwita shemeji na ulijipa haki ya kumtania.

"Shemeji," akasema muuza vitumbua, "huko kwenu magari ndiyo yanayokula kwenye masinia? Na watu je, mnakula juu ya nini?"

Walicheka, na kicheko kile kilikuwa cha watu walioponea chupuchupu. Hapo shangazi akatokea mlangoni. Alikuwa ameshika masinia mengine matatu kifuani, na akawaambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya dagaa:

"Mama yake ameonekana."

Hakuna aliyecheka tena. Wote walimgeukia mtoto, naye akaacha kutafuna.

Mtoto huyu alikuja kwa maji. Miaka ile mashua zilikuwa zinaingia kutoka upande wa pili wa ziwa na kutoka kaskazini, zimejaa watu hadi maji yanalamba ukingo, na pwani yetu ilikuwa na vilio na majina yanayoitwa zaidi ya samaki. Shangazi alikuwa ameteremka kununua dagaa. Mwanamke asiyemjua, aliyelowa hadi shingoni, alimsukumia mtoto mikononi akasema nishikie kidogo, akarudi majini kutafuta mzigo au mtu. Kisha malori yakaja, watu wakapakiwa haraka haraka, na pale mchangani akabaki shangazi na kapu tupu na mtoto asiyelia. Alisubiri hadi pwani ikabaki na mbwa. Yule mwanamke hakurudi, na baadaye tukasikia kuwa hata yeye hakuwa mama. Alikuwa amekabidhiwa tu kwenye mashua.

Mvua mbili zilipita. Shangazi hakuwa amejaaliwa kuzaa. Alimwandikisha mtoto mahali palipotakiwa kuandikishwa, akaambiwa asubiri, na katika kusubiri mtoto akajifunza kumwita mama. Anko naye akaanza kumwita mkewe mama, kama baba yeyote mwenye mtoto ndani anavyomwita mkewe. Mimi nilikuwa naishi kwao kwa ajili ya shule, na usiku nilikuwa nasikia kupitia ukuta jinsi wanavyoongea chini chini kuhusu viatu vyake, meno yake, lini aanze chuo cha Kurani. Waliongea kama watu wanaotembea juu ya kitu chembamba.

Habari ililetwa na dereva wa lori la chakula. Alikaa nyumbani kwetu akanywa chai bila kuinua macho. Kwenye kambi ya wakimbizi, mbele ya Kasulu, kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anauliza kila gari linaloenda Kigoma habari za mtoto wa kiume mwenye alama ya moto kwenye kiwiko cha kushoto, anayeogopa kuku, anayelala ameshika sikio lake mwenyewe. Alama ya moto watoto wengi wanayo. Lakini aliposema sikio, shangazi aliweka birika chini, akaingia chumbani, na hakutoka mpaka dereva amekwishaondoka.

Lakini dereva alikuwa ameacha na neno jingine. Upande ule wa kambi ungehamishwa Jumatatu. Wengine walisema wanapelekwa Kibondo, wengine walisema wanarudishwa kwao, na hakuna aliyejua kwa hakika. Baada ya Jumatatu yule mama angekuwa mahali pengine, labda ng'ambo ya mpaka, labda kwenye orodha nyingine, na nani angempata tena? Tulikwenda kwa wahusika mjini. Walitusikiliza vizuri, wakasema utaratibu upo ila unachukua muda, tumwache mtoto kwao watamsafirisha wakati ukifika. Shangazi alimwinua mtoto akamfunga mgongoni na kusema hapana. Mara moja alipewa mtoto na mtu aliyesema kidogo tu. Hatampa mtu mwingine kwa maneno hayohayo.

Basi ikabaki gari, na gari lilikuwa na petroli kidogo. Mvua zilikuwa zimekata reli, matangi ya mafuta hayajafika, mabasi ya Kasulu yamelala stendi. Kilichouzwa kwenye chupa kando ya barabara kilikuwa kimechanganywa na mafuta ya taa, na Anko aliwahi kuona injini ya rafiki yake ikifa kwa kinywaji kile. Alichokuwa nacho ni kilichomo kwenye tangi. Kila asubuhi aliwasha gari kwa kitambo kifupi tu, akautazama mshale wa mafuta, akazima. Alipiga hesabu kichwani akitembea uani, na kila alipofika mahali pembamba pa hesabu alikuwa anasimama palepale, karibu na kamba ya nguo. Mafuta yangetosha mpaka karibu na kambi. Karibu, siyo kambini.

Ndipo alipokumbuka gazeti la picha la kigeni ambalo abiria fulani alilisahau behewani. Humo kulikuwa na gari lililofunikwa magurudumu, bapa kama sahani, na maelezo kwamba linakula mafuta kidogo. Alitueleza mezani, akitumia ugali wake.

"Gurudumu wazi linakoroga upepo, kama mwiko unavyosonga ugali. Na nguvu ya kusonga inatoka wapi? Kwenye petroli. Ukilifunika, upepo unateleza, unapita."

Shangazi alikuwa anamlisha mtoto.

Alianza na maboksi. Alichora maduara kwa kamba na msumari, akayakata, akayafunga kwa waya kwenye matundu ya rimu, akazunguka nayo uani mara moja tu akiwa amefurahi kama mtoto wa Idi. Manyunyu ya jioni yakayafanya uji. Akajaribu turubai la plastiki. Lilipepea, likajifunga kwenye ekseli, likatoa harufu. Alikuwa amebaki na siku mbili. Nilimwona amekaa juu ya tairi, mikono imening'inia katikati ya magoti, na nikaogopa, maana Anko alikuwa mtu wa kupata namna.

Masinia yalikuwa sita. Shangazi aliyanunua moja moja tangu alipoolewa, ya alumini nzito, na kila moja alilitoboa tundu dogo ukingoni liwe alama yake, kwa sababu Ujiji sinia halikai nyumbani kwake: linakwenda maulidini, harusini, matangani, na linarudi wiki ya pili na mafuta ya mtu mwingine. Mtaa mzima ulikuwa umekula kwenye masinia yale. Anko hakuthubutu kuyaomba, na sidhani yalimpitia akilini. Ni shangazi aliyeyatoa mwenyewe, asubuhi ya Ijumaa. Aliyaweka manne juu ya boneti, yakalia.

"Chukua haya."

"Mama, haya ni ya watu."

"Ni yangu. Chukua kabla sijabadilika."

Hilo neno la mwisho ndilo lililonifanya nisilale. Nilielewa kwamba anaogopa. Aliogopa nafsi yake kuliko barabara.

Kwa hiyo Ijumaa ile alasiri ndipo Anko alipokuwa anapiga, mimi kwa hofu nikayasahau masinia ya boneti, na wanawake wakaja mbio. Walipokwisha kusikia habari, hawakuondoka. Muuza vitumbua alikaa chini akashika sinia upande wa pili lisicheze. Mwingine alikwenda kwake akaleta tyubu ya baiskeli, Anko akaikata vipande vya kutia katikati ya sinia na rimu ili visigongane. Sinia liligeuzwa, tumbo ndani, mgongo wa kuteleza ukauelekea upepo. Ukingo ukapigwa ukakunjwa kuingia ndani. Matundu manne kwa msumari wa moto. Waya wa kufungia mabati ukapita tunduni mpaka kwenye rimu na kusokotwa kwa koleo. Jua lilipotua gari lilikuwa na macho manne meupe. Lilikuwa la kuchekesha, na wanawake walilicheka kidogo, kwa adabu, kama mnavyocheka msibani.

Tuliondoka Jumamosi mapema. Anko kwenye usukani, shangazi mbele, mimi nyuma na mtoto mapajani na kidumu cha maji miguuni. Mtoto alikuwa amevalishwa shati jipya. Alifurahia gari, akawa anataja kila anachokiona, mbuzi, baiskeli, mbuzi, na kila alipotaja shangazi aliitikia eeh bila kugeuka.

Nilikuwa naona mshale kupitia katikati ya mabega yao. Nilikuwa nautazama hata nilipokuwa natazama nje. Anko aliendesha kwa namna ambayo sijaiona tena kwa dereva yeyote, mguu umetua juu ya mafuta kama juu ya yai, kila mteremko anaweka gia huru na kuacha gari lijiendee, kila kilima anakianza kwa mbali akikipigia mahesabu. Magurudumu yalikuwa yanatoa mlio mwembamba, wa upepo au wa waya, na mimi niliamua ni wa upepo unaoteleza.

Baadaye sana, ukubwani, nimesoma kwamba kwa mwendo ule, kwenye vumbi lile, kifuniko cha gurudumu hakiokoi hata kijiko. Upepo hauna nguvu kwa gari linalokwenda polepole. Adui yetu alikuwa mchanga na vilima. Lakini siku ile kila kilima tulichokimaliza tuliyashukuru masinia.

Kizuizini askari aliinua mkono, Anko akazima injini mara moja. Askari alilizunguka gari, akaligusa sinia la nyuma kwa ncha ya kiatu.

"Mzee, mnakwenda kupika pilau wapi?"

Anko akamweleza habari ya upepo. Askari akasikiliza, uso haucheki wala haukasiriki. Kisha akainama dirishani akamwona mtoto, na mtoto, ambaye alikuwa amefundishwa, akasema shikamoo. Akaulizwa anakwenda wapi.

"Naenda na mama," akasema mtoto.

Shangazi alitazama mbele. Askari alimtazama shangazi, akamtazama Anko, na ninafikiri alielewa zaidi ya alichoambiwa, kwa sababu alikwenda kuinua mti wa kizuizi yeye mwenyewe.

Ilikuwa kwenye mteremko mrefu wa kuelekea mtoni ndipo harufu ilipoanza. Kwanza nilidhani watu wanachoma shamba. Kisha shangazi akasema kuna kitu kinaungua, na Anko akakanyaga breki, na breki ikaenda chini laini mno. Nilimkumbatia mtoto kwa mikono yote. Gari liliendelea. Anko aliingiza gia ya pili, injini ikapiga yowe, akavuta breki ya mkono, na tukaja kusimama tairi moja kwenye majani, mahali ambapo ng'ombe watatu waliacha kula wakatutazama.

Lilikuwa kosa letu wenyewe, na Anko alilijua kabla hajashuka. Magurudumu tuliyafunga yasiingize upepo, na breki zinaishi kwa upepo. Mteremko wote ule zilikuwa zinaiva ndani ya masinia kama wali uliofunikwa. Aligusa la mbele akarudisha mkono haraka. Akazungushia shati mkono, akakata waya kwa koleo, na sinia lilipotoka lilitoka na moshi mdogo. Alitoa mawili ya mbele. Akakaa chini.

Ilibidi kusubiri zipoe. Kusubiri hakuli petroli, lakini kunakula siku, na kambini watu wasiojulikana hawaruhusiwi kuingia jioni. Mshale ulikuwa umeshagusa wekundu. Mto ulikuwa chini yetu, na ng'ambo yake barabara ilikuwa inapanda, ndefu, nyekundu, mpaka inapopotea mawinguni.

Mtoto alitaka maji, akayataka kwa Kiha cha nyumbani, amazi, na shangazi akamnywesha kwa kiganja. Alifuta kidevu chake. Kisha akasema bila kumtazama yeyote:

"Turudi."

Anko alikuwa anakunja waya alioukata.

"Ukitoa kilima hiki, kurudi ni mteremko, umesema mwenyewe. Petroli itatufikisha hata kizuizini. Huko mbele haitoshi. Breki zimeonyesha. Nani atatulaumu?"

Nani angetulaumu, kwa kweli? Nilihesabu watu wote ninaowajua na sikumpata hata mmoja. Wanawake wa mtaani wangetupokea kwa ngoma. Nilitamani Anko aseme ndiyo. Nakiandika hiki sasa na bado nakitamani kidogo.

Anko alikuwa analigeuza sinia mikononi, limepinda, limeungua upande mmoja, na kidole chake kilikuwa kinapita juu ya tundu dogo la alama.

"Yeye anasimamisha malori," akasema. "Kila lori, mama. Mvua mbili."

Shangazi aliinuka. Nilidhani anakwenda kumpiga. Alikwenda mpaka ukingo wa barabara, akasimama akitugeuzia mgongo, mikono kichwani. Ng'ombe walirudi kula. Kisha akarudi, akamchukua mtoto mapajani mwangu, akaingia naye kiti cha mbele, akafunga mlango. Ndivyo alivyojibu.

Kilima cha ng'ambo tulikipanda tukiisikiliza injini kama watu wanaomsikiliza mgonjwa akipumua. Mahali fulani injini ilikwama, ikapiga chafya, ikaendelea. Mara ya pili, hatua chache kabla ya kilele, ilikwama haikuendelea. Tulishuka, mimi na shangazi tukasukuma, mtoto ndani akishangilia. Na tulipofika kilele tuliliona, chini kwenye bonde, lile zulia la mapaa ya plastiki ya buluu na nyeupe na moshi mwingi mwembamba. Gari likateremka lenyewe, injini imekufa, Anko akishika breki ya mkono. Hatukufika na petroli. Tulifika na mteremko. Jumatatu hiyohiyo, malori ya watu yalipokwisha kuondoka, tulivutwa kwa kamba kurudi Kigoma.

Langoni walimjua yule anayesimamisha malori, wakatuelekeza kwake. Mama wa mtoto hakuja mbio kama nilivyokuwa nimemfikiria. Alikuwa msichana, si mkubwa kwangu sana. Alitoka kwenye kibanda cha udongo, akamwona mtoto kwenye kiuno cha shangazi. Aliketi chini palepale kizingitini. Ni shangazi aliyemwendea. Walisalimiana, mmoja kwa Kirundi, mwingine kwa Kiha, lugha zilizo karibu kama vyumba viwili vya nyumba moja, wakaulizana habari za njia, za afya, za mvua. Salamu zilikuwa ndefu mno. Nilielewa hakuna kati yao aliyetaka zifike mwisho.

Mtoto alificha uso shingoni mwa shangazi. Mama alinyoosha mkono, akauona unakataliwa, akaurudisha, akaufuta kwenye kitenge kana kwamba tatizo ni uchafu. Hakulia. Aliomba kitu kimoja tu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: shangazi amlaze. Akilala na kuamka hapa, atakuwa ameamkia kwake.

Ndani kulikuwa na mkeka, ndoo, na mabunda mawili yaliyofungwa tayari kwa safari. Shangazi alilala mkekani na mtoto, mama akalala upande wa pili, na mimi nilikaa karibu na mlango. Shangazi alimwimbia wimbo wake wa kila siku, wa kumlaza. Katikati ya wimbo alinyamaza, akamwashiria mama aendelee. Mama hakuujua. Shangazi akamfundisha kwa kunong'ona, mstari kwa mstari, akikosea mwenyewe, mpaka ikawa sauti ya mama peke yake.

Mtoto alipolala nilitoka kwanza. Nje Anko alikuwa ameegemea ukuta, kofia mkononi. Shangazi alitoka baadaye, kinyumenyume, viatu ameshika. Nilisikia ndani yule msichana akisema urakoze cane, asante sana, kwa sauti ya chini, na shangazi akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kukataa. Aliinama kuvaa viatu, akapapasa kamba, akashindwa, akaviacha. Nyuma yake mlango wa mbao za masanduku ukavutwa taratibu kutoka ndani, ukasita, ukafungwa.